Mboni Imesinyaa, Ugonjwa Uko Kifuani

Mtu akigundua kwamba kope ya jicho moja imelegea kidogo na mboni yake ni ndogo kuliko ya jicho la pili, hukimbilia kliniki ya macho. Hakosei. Ila mara nyingine jicho lenyewe ni zima kabisa. Kilichoguswa ni neva, na imeguswa mbali: shingoni, kwenye ncha ya pafu, au ndani ya shina la ubongo.

Kichwa na shingo vina neva zinazofanya kazi bila kungoja amri yetu. Huwezi kuiambia mboni ipanuke wala mate yakauke. Kazi hizo zimegawanywa kwa makundi mawili. Neva za simpathetiki hupanua mboni, husaidia kuinua kope, huleta jasho usoni na hubana mishipa ya damu ya ngozi. Neva za parasimpathetiki husinyaza mboni na kuleta machozi, kamasi na mate. Hizi hutoka ubongoni moja kwa moja, zikisafiri ndani ya neva za fuvu namba 3, 7 na 9.

Za simpathetiki zina safari ya kushangaza. Amri huanzia haipothalamasi, chini ya ubongo, ikashuka kupitia shina la ubongo na uti wa mgongo hadi usawa wa juu ya kifua. Hapo ndipo inatoka nje, inapita juu ya ncha ya pafu, halafu inageuza kupanda shingoni mpaka kwenye ganglia (fundo la neva) ya juu ya shingo, karibu na pembe ya taya. Ni kama mtu atoke Kariakoo kwenda Posta kwa kupitia Kibaha. Kutoka kwenye ganglia hiyo nyuzi mpya hujizungusha kwenye kuta za ateri za karotidi, mishipa mikubwa ya damu ya shingoni inayopanda kichwani: za jicho hufuata ateri ya ndani na kuingia fuvuni, na nyingi za jasho la uso hufuata ateri ya nje.

Njia ndefu hivyo ina mahali pengi pa kukatika. Mwaka 1727 Mfaransa François Pourfour du Petit alieleza jinsi alivyokata neva hizi kwenye shingo za mbwa na kuona macho yao yakibadilika. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Silas Weir Mitchell na wenzake walieleza dalili hizohizo kwa askari aliyepigwa risasi ya shingo. Jina lililobaki, hata hivyo, ni la daktari wa macho wa Zurich, Johann Friedrich Horner, aliyeandika mwaka 1869 kuhusu mgonjwa wake, mwanamke wa miaka 40. Tangu hapo tunaita sindromu ya Horner: mboni iliyosinyaa, kope iliyoshuka milimita moja au mbili tu, na nusu ya uso isiyotoa jasho. Hilo la jasho, kwa joto la Pwani, mgonjwa huliona kabla ya daktari. Upande mmoja unatiririka, mwingine mkavu.

Kisa ninachokihofia zaidi ni cha bega. Mtu ana maumivu ya bega yanayoshuka mkononi hadi kidole cha mwisho, anapewa dawa za baridi yabisi, anachuliwa, miezi inapita. Hakuna anayemtazama machoni. Kumbe uvimbe wa saratani umeota kwenye ncha ya pafu, unabana neva za mkono pamoja na zile za simpathetiki zinazopita hapohapo. Uvimbe huu unaitwa wa Pancoast, kwa jina la mtaalamu wa eksirei wa Marekani aliyeueleza mwaka 1924 na tena mwaka 1932. Kifua kikuu kilichokita juu ya pafu nacho kinaweza kuleta sura hiyo. Kwa hiyo bega lisilopona likiambatana na mboni ndogo upande uleule, pigeni picha ya kifua.

Kingine ni ateri ya karotidi kuchanika ukuta wake wa ndani. Shingo na uso huuma upande mmoja, kope hushuka, na kiharusi kinaweza kufuata baada ya saa au siku chache. Huweza kutokea baada ya ajali, na kwa nadra baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu. Wale mnaopenda kinyozi amalizie kwa kuwageuza shingo mpaka ilie, mimi nashauri muache. Masaji ya mabega inatosha.

Mara nyingine mboni yenye kosa ni ile kubwa. Jaribio lake ni rahisi, ingawa kwa macho ya kahawia iliyokolea utahitaji tochi na utulivu. Tofauti ikizidi kwenye mwanga hafifu, mboni ndogo ndiyo imeshindwa kupanuka. Ikizidi kwenye mwanga mkali, kubwa ndiyo imeshindwa kusinyaa. Katika neva ya fuvu namba 3, nyuzi za parasimpathetiki ziko pembezoni, ndiyo maana mshipa wa damu uliovimba ubongoni ukiibana, mboni hupanuka mapema. Kichwa kinachouma ghafla na vibaya, kope iliyofunga jicho na mboni kubwa ni dharura ya saa hiyohiyo.

Mkulima aliyeng'oa mnanaha kisha akafikicha jicho anaweza kupata mboni kubwa vilevile, kwa sababu mmea huo una atropini, inayozuia parasimpathetiki. Sumu za wadudu za kundi la oganofosfati hufanya kinyume: mboni zote mbili huwa kama tundu la sindano, mate na machozi hububujika, kifua hubana. Huko hospitali, atropini hiyohiyo ndiyo dawa.

Neva zikikatika huweza kuota tena, na zikapotea njia. Baada ya uso kupooza, nyuzi za mate zinaweza kufika kwenye tezi ya machozi, na mgonjwa akalia kila anapokula. Baada ya upasuaji wa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, zinaweza kufika kwenye tezi za jasho, shavu likatoka jasho mtu akila ndimu. Łucja Frey, daktari wa Poland, alilieleza hilo mwaka 1923. Inasumbua mezani, lakini haiui, na sindano ya botulinamu, dawa inayozima amri za neva, huituliza kwa miezi kadhaa.

Takriban mtu mmoja kati ya watano ana mboni zinazotofautiana kidogo tangu zamani, bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana mkija kliniki nawaomba picha za miaka iliyopita, hata ile ya kitambulisho, ili nitazame kama tofauti ilikuwapo tayari.