Meno ya kijivu na mifupa inayovunjika ovyo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Hapa Goma, meno ya kahawia ni maji tu

Kwa watoto wengi ni kweli. Sehemu nyingi za eneo la volkano za Virunga zina maji yenye floridi nyingi, nayo ikizidi wakati meno yanaundwa huharibu enameli, gamba gumu la nje la jino. Ila jibu hilo limezoeleka mno. Mtoto mwenye osteojenesisi imperfekta, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha mifupa, anaweza kurudishwa nyumbani kwa neno hilohilo: maji.

Floridi huacha mistari na madoa meupe kama chaki, mengine hugeuka kahawia baadaye, na hushika zaidi meno ya kudumu. Jino la ugonjwa huu hutoka kwenye ufizi likiwa tayari la kijivu, la buluu iliyofifia au la kahawia, rangi ikitoka ndani, na ukilimulika tochi kwa nyuma mwanga unapenya. Meno ya utotoni ndiyo huathirika zaidi. Basi mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye meno yote ni ya kijivu, maji yasisingiziwe kabla hajachunguzwa.

Dhana: Meno yanameguka kwa sababu ya sukari

Sukari hutoboa jino. Katika ugonjwa huu enameli yenyewe huwa nzima au karibu nzima, lakini inabanduka kwa sababu dentini, tabaka la jino lililo chini yake, ni dhaifu. Dentini ikishabaki wazi husagika upesi, wakati mwingine hadi usawa wa ufizi. Dentini na mfupa hujengwa kwa protini ileile, kolajeni ya aina ya 1, na kwa wagonjwa walio wengi kasoro iko kwenye mojawapo ya jeni mbili zinazoitengeneza, COL1A1 na COL1A2. Ndiyo maana daktari wa meno anaweza kuona kwanza kile ambacho daktari wa mifupa bado hajaonyeshwa.

Radio (picha ya eksirei) ya meno huongeza ushahidi: taji limevimba, shingo ya jino imebanwa, mizizi ni mifupi na myembamba, na uwazi wa katikati unaopitisha neva umezibika au unaelekea kuzibika.

Dhana: Meno yakiwa meupe, mifupa ni mizima

Hapana. Wagonjwa wengi, hasa wa aina nyepesi, wana meno ya kawaida. Kinyume chake pia kipo: jeni nyingine, DSPP, huharibu dentini vilevile bila kugusa mifupa. Jino peke yake halitoi hukumu, kwa hiyo maswali ni lazima. Mtoto amevunjika mara ngapi, na kwa kuanguka kwa namna gani? Katika ukoo kuna aliyeanza kupoteza usikivu akiwa bado kijana, au mwenye meno ya namna hii? Weupe wa macho unaelekea buluu? Kidole gumba kinapinda hadi kugusa mkono kati ya kiganja na kiwiko? Taya la chini limetangulia la juu? Majibu yote yaandikwe kwenye barua ya kumpeleka kwa daktari wa mifupa au wa watoto.

Tena, kukosa mgonjwa mwingine katika ukoo hakufuti ugonjwa. Badiliko la jeni linaweza kuanzia kwa mtoto mwenyewe. Akikua, kila mimba itakuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithi, kwa aina zilizo za kawaida.

Dhana: Anavunjika kwa kukosa maziwa, au wazazi wanampiga, au amerogwa

Kunywa maziwa hakurekebishi kolajeni yenye kasoro, na kasoro hiyo hutoka kwenye jeni, si kwa kurogwa. Kuhusu kipigo, meno ya kijivu ni ushahidi unaoweza kuwaondolea wazazi lawama wasiyostahili, hivyo yatajwe kabla mtu hajanyooshewa kidole.

Dhana: Jino bovu ling'olewe tu

Magego ya utotoni yakiwahiwa, yanafunikwa kwa vikofia vya chuma kisichoshika kutu kabla hayajasagika. Kama kung'oa hakuepukiki, taya lishikiliwe kwa mkono na nguvu ipungue: mizizi myembamba hukatika, na taya lenyewe linaweza kupasuka. Mtoto asibanwe mikono kitini, kwa maana kubanwa tu kunaweza kumvunja, na kifaa cha kupimia presha kisikazwe kupita kiasi. Ulizeni mapema kama hutokwa damu kirahisi. Na akiwa anatarajiwa kuanza dripu za pamidronati za kuimarisha mifupa, meno ya kung'olewa yamalizwe kwanza, vidonda vipone, ndipo dripu ianze.