Je, wajua kwa nini kuwahi kuchukua hatua kwa siku chache hubadilisha mwendo wa janga la ugonjwa?

Mgonjwa mmoja akiambukiza watu 2, nao kila mmoja akaambukiza 2, raundi ya 10 huleta wagonjwa wapya 1,024. Punguza robo tu, yaani kila mmoja aambukize wastani wa 1.5, na raundi hiyohiyo ya 10 italeta wasiofika 60. Ukishuka chini ya 1, mlipuko huanza kufifia wenyewe. Ndiyo maana hatua ndogondogo, hata zenye mapungufu, zikiunganishwa huokoa watu wengi mno.

Shida ni kwamba takwimu huchelewa. Anayeambukizwa leo hukaa siku kadhaa bila dalili, kisha siku nyingine kabla ya kuzidiwa na kulazwa. Kwa ugonjwa kama UVIKO-19, wodi zikijaa leo, maambukizi yaliyozijaza yalitokea wiki mbili hivi zilizopita. Anayengoja wodi zijae ndipo achukue hatua ameshachelewa.

Mwaka 1918, wakati wa homa kubwa ya mafua, mji wa Philadelphia nchini Marekani uliruhusu gwaride la Septemba 28 lililojaza barabara kwa umati wa watu wapatao 200,000. Siku chache baadaye hospitali zilifurika. Mji mwingine wa Marekani, St. Louis, ulifunga shule, kumbi na makanisa mapema Oktoba, wagonjwa wakiwa bado wachache, na kilele chake cha vifo kikawa chini sana.

Kuna virusi wagumu zaidi kuzuia kuliko wengine. SARS ya 2003, ugonjwa mkali wa mapafu, ilidhibitiwa ndani ya miezi michache kwa sababu mgonjwa huambukiza zaidi akiwa tayari ana dalili. Ukimtenga, umekata mnyororo. Lakini UVIKO-19 huanza kuambukiza siku 2 hivi kabla ya dalili. Kwa hiyo kumtenga mgonjwa peke yake hakutoshi: waliokaribiana naye watafutwe upesi, nao wajitenge wakiwa bado wanajiona wazima.

Virusi wa hewani hujikusanya ndani kama moshi. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Dirisha moja husaidia, ila kidogo. Barakoa ikiacha mwanya puani, hewa hupita hapohapo bila kuchujwa, basi bana ule waya juu ya pua hadi ushike. Sabuni huvunja utando wa mafuta unaofunika virusi wa mafua na wa korona, lakini huhitaji muda: sugua sekunde 20, usisahau ncha za vidole na kidole gumba.

Kulegeza nako kuna hatari yake. Novemba 1918 St. Louis walifungua, maambukizi yakapanda, na mji ukalazimika kurudisha makatazo. Virusi walikuwa bado wamo mitaani, na wakazi wengi walikuwa hawajapata kinga.