Mtazame anavyoianza nati ya kwanza

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie tairi hili. Kila baada ya siku tatu limekaa chini, na wameshaliziba mara mbili."

Nikalizamisha kwenye pipa la maji. Tairi lenyewe halikuwa na tundu hata moja. Mapovu yalitoka pembeni, pale tairi linapokaa kwenye rimu: mdomo wa rimu ulikuwa umenyofoka kiasi cha ukucha, alama ya mtaimbo kabisa. Pancha mpya alipewa na yuleyule aliyemzibia ya zamani.

Nafanya kazi ya matairi hapa Tanga mjini, huu mwaka wa 17, na rimu ya mtu nimeshawahi kuinyofoa kwa mkono wangu. Nilikuwa na haraka, ilikuwa jioni ya Ramadhani. Nikalipa. Kwa hiyo haya siyasemi kwa kuwacheka wenzangu.

Rimu ya chuma ina uvumilivu: ikipinda, nyundo huirudisha. Ya alumini, tunayoiita ya spoti, humeguka au kupata ufa. Magari mengi tunayoletewa kutoka Japani yamevaa hizo, ila baadhi ya mafundi wanazishika kama bado wako kwenye lori la mkonge.

Ukiichungulia rimu kwa ndani utaona bonde katikati. Siri yote iko hapo. Mdomo wa tairi ukishushwa bondeni upande mmoja, upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka, na mtaimbo unapita kama kijiko kwenye uji. Anayejua huweka goti upande ule ulioshushwa bondeni, hupaka povu la sabuni, kisha huinua kidogokidogo. Asiyejua huita mtu wa pili aje kukandamiza. Ukimwona wa pili anakuja, simamisha kazi hapohapo, hata kama ni kukosa adabu.

Usidanganyike na mashine. Lile jembe lake la kubandulia tairi likitegwa vibaya linabana rimu badala ya mpira. Kile kichwa kinachopita juu ya mdomo wa rimu nacho huvalishwa kipande cha plastiki. Kikichakaa, chuma kinasaga alumini. Inama ukitazame, fundi mwema hatanuna. Kule Ngamiani kuna mzee ana mitaimbo mitatu tu, chini ya mwarobaini, na yote ameizungushia mpira wa tyubu kuukuu. Huyo namwamini kuliko duka lenye vigae.

Sabuni na maji vinatosha. Anayepaka petroli anauharibu mpira. Anayepaka grisi anakuachia tairi litakaloteleza juu ya rimu siku utakapokanyaga breki kwa nguvu.

Sasa nati. Hapa ndipo ninapompimia mtu. Nati ya kwanza inaanzwa kwa vidole, mizunguko miwili mitatu, ndipo spana ifuate. Anayeitia moja kwa moja kwenye mashine ya upepo akakaza mpaka ilie, iko siku ataivusha uzi, meno yake yaharibike, au atakaza kiasi kwamba ukipata pancha usiku njia ya Horohoro hutaifungua kwa spana ya gari. Gari dogo la Toyota kwa kawaida linataka nguvu ya nyutoni-mita 103 tu. Zikazwe kwa kupishana kama unachora nyota, si kwa kuzunguka duara, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Na nati hazifanani! Nyingine ina koni, yaani imechongoka pale inapokaa kwenye rimu, nyingine ina washa bapa, kile kisahani cha chuma, kama zile za rimu nyingi za alumini za Toyota za zamani. Ya koni ukiitia kwenye tundu lililochongewa washa, inagusa ukingo tu. Inaonekana imekaza, huku inalila tundu la rimu taratibu.

Sisi wa pwani tunalo letu jingine, chumvi. Alumini hufanya ungaunga mweupe pale tairi linapokaa, na upepo unatoka bila pancha. Husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa laini. Akishika grainda, mnyang'anye.

Tunaimbiwa "waja leo waondoka leo", na kweli, mpita njia anayekimbilia Segera ndiye anayeumizwa zaidi, maana hatarudi kugomba. Peleka gari kwa fundi atakayekutana nawe tena sokoni.

Rimu ya yule mama haikuwa na ufa. Ingekuwa nao nisingeigusa. Nililainisha pale paliponyofoka, nikapaka gundi ya mdomo wa tairi, nikamwambia upepo ukipungua tena atafute rimu nyingine. Wiki ya pili akarudi, nami nikaomba kuliona tairi la akiba. Likatolewa chini ya zulia la buti na vumbi lake. Rimu safi, pekee katika gari lile isiyo na mkwaruzo. Ubavuni mwa tairi tarakimu nne: 0809. Limetengenezwa wiki ya 8, mwaka 2009.

"Si bado jipya?" akauliza.

"Jipya mama, ila limezeeka."

Akacheka mpaka akashika mlango. Rimu tukaichukua, tairi akaenda nalo kupandia mchicha.