Fotobuku ni nini hasa, na imeachana wapi na albamu

Ukimwambia mtu hapa Lamu kwamba unatengeneza kitabu cha picha, kinachomjia kichwani ni vile vitabu vya watoto wa nasari, picha ya embe na chini yake pameandikwa embe, ndo maana wengi sikuizi wanasema fotobuku tu na mimi pia nimezoea hivo. Lakini hata hilo jina bado lachanganya watu. Shangazi yangu nilipomtajia aliniangalia akaniambia, "Si ni albamu hiyo mwanangu, tunazo saba humu ndani, yataka nini nyengine?" Nilimueleza siku ile lakini sikumueleza vizuri, kwa hivyo wacha nieleze hapa kwa utulivu.

Albamu ni nyumba ya picha. Picha yenyewe ni karatasi yake mbali, uliiosha studio, ukaja ukaitia kwenye mfuko wa plastiki au ukaibandika kwenye ukurasa wa gundi, na siku ukitaka waichomoa. Fotobuku haina picha ya kuchomoa. Picha zimeskaniwa au zimetoka moja kwa moja kwenye simu, zikapangwa kwa kompyuta ukurasa baada ya ukurasa, zikatiwa maneno, faili likapelekwa kwa mpiga chapa, na picha ikawa ni wino ndani ya karatasi ya kitabu, kisha karatasi zikajalidiwa kama kitabu chochote kile. Kwa hivyo ikiungua au ikiloa nakala moja, faili liko, wachapa nyengine. Na ndugu wakiwa watano kila mmoja apata yake, aliye Mombasa na aliye Jeddah, hapana tena habari ya picha ya marehemu baba kugombaniwa na watu wa nyumba moja.

Jambo lenyewe si geni kwetu kama linavyosikika. Wazee wa Amu, yaani Lamu, kitabu walikuwa wakikiita chuo, na Siyu pale kisiwa cha Pate watu walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono na kuijalidi wenyewe. Na kutia picha kwenye kitabu ni jambo la zamani vilevile, mwaka 1843 kule Uingereza mwanamke mmoja aitwa Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha picha za mwani, kamera hakutumia, aliulaza mwani juu ya karatasi yenye dawa akaianika juani, pale jua lilipofika pakawa buluu na mwani ukabaki mweupe. Kilichobadilika karibuni ni bei. Mashine za ofseti, zile kubwa za matbaa, zataka bati la kuchapia kwa kila rangi na rangi ni 4, na gharama ya bati ni ile ile uchape nakala 1 au 1000, kwa hivyo mtu wa kawaida hangeweza kuchapa kitabu kimoja cha nyumbani kwao. Mwaka 1993 zikaanza kutoka mashine za kidijitali za rangi zisizotaka bati, Indigo ni mojawapo, na hapo ndipo nakala moja ikawezekana.

Sasa kwa nini mtu wa Lamu ajisumbue? Mimi jibu langu ni hewa yetu. Tunaishi juu ya maji, chumvi ndani ya upepo, kuta za mawe ya matumbawe zafyonza unyevu, na picha ya karatasi haipendi hayo hata kidogo. Picha za rangi za miaka ya 70 na 80 ukizitazama leo nyingi zimekuwa nyekundunyekundu, manake zile dawa za rangi hazififii pamoja, buluu mara nyingi ndio hutangulia kuondoka. Zile za nyeusi na nyeupe ziko imara zaidi kwa sababu picha imeshikwa na fedha, fedha ya madini, utaona picha ya babu yako ni safi na picha ya harusi ya mama yako imekwisha. Na albamu za gundi, zile za ukurasa wenye mistari ya kunata na plastiki juu, hizo wallahi zimetuharibia mengi. Ile gundi yala picha kwa nyuma, na plastiki ikipata unyevu yashikana na uso wa picha.

Mimi nilijifunza vibaya. Picha moja ya babu amekaa barazani na kofia yake ya vito, ya pekee, nyengine hakuna, niliivuta kwenye albamu ili niiskani na nusu ya uso ikabaki kwenye plastiki. Nililia. Shangazi hakunambia kitu, alifunga albamu akaenda kuswali. Kwa hivyo nasema hili kwa mtu yeyote aliye na albamu kama zile: usivute. Iskani au ipige picha ikiwa mle mle ndani, na kama lazima itoke tumia uzi wa kusafishia meno, upitishe polepole kati ya picha na ukurasa, ukiona imegoma iache.

Kuskani si lazima mashine kubwa. Saiba nyingi zina skana ya kulaza, waambie wakuwekee dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, kwa picha ndogo, kama hawajui hiyo ni nini waoneshe pale kwenye skrini, alafu uondoke na flashi yako na lile faili kamili. Kwa simu pia yawezekana, laza picha mahali penye kivuli chenye mwanga, barazani asubuhi ni pazuri, zima taa ya simu, simu iwe sawasawa juu ya picha isiegemee upande. Na ukiiskani picha ya studio ichukue nzima na pambizo yake na muhuri wa nyuma. Hapa Lamu tulikuwa na Bakor Studio, marehemu Omar Said Bakor alikuwa akikata sura za watu akiziunganisha na maua na vitu vyengine kwa mkono wakati hakuna kompyuta, sasa mtu akiskani picha kama ile akabakisha uso tu ameipoteza kazi yenyewe.

Halafu kuna hili la WhatsApp, watu wengi hapa ndo huangukia. Unamwambia binamu yako nitumie zile picha za harusi, anakutumia kama kawaida, kwenye simu ziko vizuri kabisa, unazipeleka kwa mpiga chapa zinatoka kama zimetazamwa kupitia maji. Sababu ni kwamba WhatsApp huipunguza picha ili ipite haraka, mara nyingi hufika kama pikseli 1600, zile nukta za picha, kwa upande mrefu. Kuchapa vizuri kwataka pikseli 300 kwa kila inchi, gawanya 1600 kwa 300 wapata inchi 5 na kidogo, yaani kama sentimita 13 na nusu basi. Kwa picha ndogo ndani ya ukurasa yatosha, lakini ukurasa mzima wa A4 wataka pikseli 2480 kwa 3508. Mwambie akutumie kama dokumenti, hapo inakuja ilivyo.

Kupanga kurasa ni kazi ya mtu mwenyewe na siyo ya fundi. Fundi atajaza picha sita sita kila ukurasa kwa sababu ziko, na ukishafanya hivo umerudi kwenye albamu. Kitabu ni kuchagua. Sisi tulikuwa na picha mia nne na kitu, tukabaki na zisizofika themanini, na kila tuliyoitoa kulikuwa na mtu wa kuitetea. Mimi napenda picha moja ukurasa mmoja na karatasi nyeupe ya kutosha pembeni, macho yapumue, na si lazima zifuatane kwa miaka. Tuliweka ami yangu akiwa mtoto juu ya punda pale seafront, ukurasa wa pili wake mwanawe juu ya punda pahala pale pale, hatukuandika chochote zaidi ya majina na kila mtu akifika hapo anasimama. Kitu cha kuangalia ni pale katikati kitabu kinapokunjwa, usimuweke mtu hapo, mshono utammeza. Na picha ikifika mpaka ukingoni mwa ukurasa iachie milimita 3 za ziada nje, kisu cha fundi hakikati sawasawa kila mara.

Maneno sasa. Hapa ndipo naona roho ya kitabu ilipo. Picha bila jina baada ya miaka thelathini ni picha ya mgeni, hata kama ni bibi yako mzaa bibi. Tulikaa na bibi jioni tatu, simu inarekodi, tunamuonesha picha moja moja na yeye anasema, huyu ni fulani bin fulani, nyumba yao ilikuwa Mkomani karibu na kisima, huyu alisafiri na jahazi asirudi, na mara nyengine alinyamaza muda mrefu kisha akasema "huyu simjui" na tukaandika hivo hivo, hajulikani. Mwaka kama hamuujui kwa hakika usibuni, andika kama miaka ya 70 au kabla ya kuzaliwa fulani. Wazee ndio faili la kwanza kuskaniwa, kabla ya picha, kwa sababu picha itasubiri kidogo.

Na kuna heshima. Picha za kina mama za harusini, siku ya kupamba, watu wamevua mabuibui wamejipamba wako wenyewe kwa wenyewe, hizo si za kumpelekea kijana wa chapa aliyekaa na rafiki zake watatu nyuma ya kompyuta. Niliulizwa mara nyingi tufanyeje. Sisi tulifanya vitabu viwili, cha nyumba nzima kikaenda kwa mpiga chapa, na cha kina mama tukakichapa nyumbani kwa printa ndogo tukakishona wenyewe, hakikutoka vizuri kama kile lakini hakuna jicho la nje lililokiona. Na kila aliyemo aliulizwa, wawili walikataa na picha zao zikatoka, hapakuwa na maneno.

Kuhusu karatasi na kujalidi sitakaa sana. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, ya picha taka gramu 150 au 170. Glosi yang'ara lakini kurasa zikiloa zashikana, kwa hewa ya kwetu chagua mati, ile isiyong'ara. Kujalidi kwa pini za katikati kwafaa kitabu chembamba, kwa gundi ni rahisi lakini mgongo ukifunguliwafunguliwa sana hupasuka na kurasa zikaanza kutoka, kwa uzi ndo imara na ni ghali zaidi, na fundi wa uzi sisi ilibidi tumtafute Mombasa, faili likaenda kwa barua pepe na vitabu vikarudi kwa basi mpaka Mokowe, gatini upande wa bara, kisha boti. Kikifika nyumbani usikiweke kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kikigusa ukuta hata kama pale ndipo panapopendeza, wacha nafasi nyuma hewa ipite. Na picha za asili msizitupe ati kwa sababu kitabu kipo, zitieni kwenye bahasha za karatasi, kitabu ni nakala.

Kimoja cha mwisho ambacho fundi alinieleza na sikukijua. Kitabu cha uzi hushonwa kwa mafungu, karatasi kubwa inakunjwa inatoa kurasa 16, kwa hivyo idadi ya kurasa lazima igawanyike. Yetu ilikuwa 61 na kitabu kikawa cha 64, zikabaki tatu tupu nyuma. Nilitaka kuzijaza na picha za machweo Shela, ninazo nyingi, shangazi akasema wacha wazi. Nakala ya bibi ilipokaa sebuleni wiki ya pili akaja jirani mmoja wa umri wake, akafungua mpaka pale kwenye yule mtoto tuliyeandika hajulikani, akaomba kalamu. Sasa ukurasa wa 62 una jina la yule mtoto na la mama yake, kwa mwandiko wa kutetemeka, na mstari wa chini yake ni wa mtu mwengine tena.