Mishikaki ya matunda itungwe leo, iliwe kesho

Wengi wanaotunga mishikaki ya matunda mapema huhangaika na tufaha kugeuka kahawia, wakasahau majimaji. Ukahawia unakera macho tu. Kinachoharibu mishikaki ni majimaji: tunda lililokatwa huchuruzika, mchuzi ukatuama chini ya chombo, na vipande vilivyolala humo vikalainika na kuteleza. Kwa hiyo karibu kila ninachoeleza hapa ni namna ya kuyapunguza.

Osha matunda kabla ya kuyakata, kisha yakaushe. Hata tikiti maji lisuguliwe ganda kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, kwa sababu kisu kinachopita kwenye ganda chafu huingiza uchafu ndani, na nyama ya tikiti haina uchachu wa kuwazuia bakteria. Stroberi zioshwe zikiwa na vikonyo vyake. Ukikitoa kikonyo kwanza, unaacha tundu linaloingiza maji.

Kisu kiwe kikali. Kisu butu huponda, na sehemu iliyopondwa ndiyo inayovuja. Kata vipande vya sentimita 2.5 kila upande. Kipande cha ukubwa huo kina takriban gramu 16, kwa hiyo mshikaki wa vipande 5 unakula gramu 80 za nyama ya tunda, na mishikaki 20 inahitaji kilo 1.6 bila ganda wala kokwa. Vitandaze vipande juu ya taulo za karatasi dakika 10, uvigeuze, uviache tena dakika 10. Ukiwa na haraka, ruka hatua nyingine yoyote lakini si hii. Wala usinyunyizie sukari: inavuta maji kutoka ndani ya tunda, na baada ya saa moja utakuta sharubati kwenye trei.

Si matunda yote yanayovumilia usiku. Nanasi, zabibu nzima na embe lililoiva lakini bado gumu kidogo vinaweza kutungwa jioni vikaliwa mchana wa kesho yake. Tikiti maji na stroberi vingoje asubuhi ya siku ya kuliwa. Ndizi usiitunge mapema kabisa. Limau litaizuia isigeuke rangi kwa saa chache, lakini utelezi utakuja tu.

Tufaha hugeuka kahawia kwa sababu kisu hupasua chembe zake, na vimeng'enya vilivyomo vikakutana na oksijeni. Wengi hukimbilia maji ya limau, kijiko kimoja cha chakula kwa mililita 250 za maji, vipande vikae dakika 5. Yanafaa, ila ladha ya limau hubaki. Mimi napendelea chumvi: nusu kijiko cha chai kwa mililita 250 za maji, dakika 10, kisha suuza haraka na ukaushe. Ukisuuza vizuri, chumvi haisikiki. Nanasi lina uchachu wake, kulimwagia limau ni kazi bure.

Wakati wa kutunga, anza na zabibu na umalizie na zabibu. Ganda lake hushika kijiti na kuzuia vipande laini visichomoke. Acha sentimita 4 za kushikia. Mishikaki ikiwa ya watoto wadogo, kata ncha kali ya kijiti, na zabibu zipasuliwe kwa urefu vipande vinne kwa sababu zabibu nzima huwakaba. Vipande hivyo haviwezi kushika ncha, basi mwisho weka nanasi.

Kuhifadhi: tandika taulo kavu ya karatasi kwenye trei, laza mishikaki safu moja, funika kwa plastiki ya jikoni iliyogusa matunda yenyewe ili hewa ibaki kidogo. Ukilazimika kuweka safu ya pili, tenganisha kwa karatasi nyingine. Zaidi ya mbili, za chini zitapondeka. Friji iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake. Usiibandike trei kwenye ukuta wa nyuma: huko tunda linaweza kuganda, na likiyeyuka linakuwa rojorojo. Nyama mbichi isikae rafu ya juu yake.

Kama kuna mtindi wa kuchovya, uende kwenye bakuli lake. Nanasi, papai na kiwi visivyopikwa vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na mtindi ulioguswa navyo kwa saa kadhaa huwa mchungu.

Mezani, hesabu saa 2 nje ya friji, au saa 1 joto likizidi nyuzi 32. Ni salama zaidi kutoa trei nusunusu kuliko kutoa zote kwa pamoja. Mishikaki iliyopitisha muda huo hairudishwi kwenye friji, hata kama bado inang'aa.