Rais, gavana na dawa za zahanati: dhana zinazotupotosha tunapopima wagombea

Agosti 2027 kila mpiga kura nchini Kenya atapewa karatasi sita. Likija suala la matibabu, wengi wetu tutakuwa na hamu na karatasi moja tu, ya rais. Hapo ndipo tunapoanza kukosea.

Dhana: Zahanati ikikosa dawa, kosa ni la rais.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi hizi waziwazi. Serikali ya kitaifa ilibaki na sera ya afya na hospitali kuu za rufaa, kama Kenyatta ya Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na ambulansi zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Muuguzi anayekudunga sindano kijijini kwa kawaida ameajiriwa na kaunti. Dawa nazo huagizwa na kaunti, mara nyingi kutoka KEMSA, shirika la serikali kuu, na deni la kaunti likirundikana, rafu za zahanati hubaki tupu. Kwa hiyo mgombea urais anayeahidi dawa kila zahanati aulizwe kama ataongeza mgao wa kaunti na kuhakikisha fedha zinafika kwa wakati. Swali la muuguzi apelekewe anayetaka ugavana. Nimehudhuria mikutano mingi ya kampeni, na sijasikia mtu akimbana mgombea ugavana kuhusu hilo. Inaniuma.

Dhana: SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ni NHIF, bima ya zamani ya taifa, iliyobadilishwa jina, na kila mtu sasa anakatwa zaidi.

NHIF ilianzishwa 1966. SHA ilichukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024, kwa sheria iliyotiwa saini Oktoba 2023, ikiwa na hazina tatu: ya huduma za msingi, ya bima (SHIF), na ya dharura na magonjwa sugu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Piga hesabu mwenyewe. Wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa 550. Wa 100,000 alikatwa 1,700, sasa ni 2,750. Wa 200,000 alikatwa hiyo hiyo 1,700, leo ni 5,500, kwa sababu hakuna tena kikomo cha juu. Mwenye mshahara mdogo amepata nafuu, wa juu amebanwa. Unaweza kuunga mkono au kupinga, lakini anayesema jukwaani kwamba wote wameongezewa hasemi kweli.

Penye uzito hasa ni kwa mama mboga, mvuvi na mwendesha boda boda. Huyu hana hati ya mshahara. Huulizwa nyumba yake imejengwa kwa nini, choo na maji yakoje, ana mifugo au hana, kisha mfumo unakisia kipato chake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, tena hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 au zaidi. Zamani alilipa NHIF 500 kila mwezi. Kwa mwaka, hiyo ya chini ni nafuu, lakini anayekula alichouza leo atazitoa wapi zote kwa siku moja? Serikali ilileta mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, na mkopo ni deni. Mgombea asiye na jibu kwa watu hawa hajaijua Kenya.

Dhana: Nimeshajisajili, kwa hiyo nina bima.

Usajili unakufungulia zahanati na kituo cha afya, kwa fedha za kodi. Ukilazwa hospitalini inahitajika SHIF iliyolipiwa. Mgombea akijigamba kwa mamilioni ya waliosajiliwa, mwulize wangapi wamelipa.

Dhana: Rais mpya ataufuta mfumo siku ya kwanza.

Sheria hufutwa na Bunge. Nguvu ya rais ipo, ila ina njia zake: mwaka 2004 wabunge walipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote uliosukumwa na waziri Charity Ngilu, na Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Upande wa pili, Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria za SHA zinakiuka Katiba, na mwezi Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, mfumo ukaanza.

Dhana: Matibabu ya bure hayana gharama.

Juni 2013 Uhuru Kenyatta aliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na akina mama wengi waliacha kujifungulia nyumbani. Nashukuru kwa hilo. Lakini hospitali zilingoja kurudishiwa fedha zao, na zilipochelewa, glavu na pamba vilikosekana.

Dhana: Bila amana, hospitali inaweza kukurudisha hata ukiwa mahututi.

Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hazina ya dharura ipo kwa ajili hiyo. Kila mgombea urais atuambie ataiwekea shilingi ngapi katika bajeti yake ya kwanza.