Vistari vimejaa, mbona video inakwama?

Mtu akiona vistari vyote vya mtandao vimejaa kwenye simu yake huamini kwamba intaneti haina budi kwenda kasi, na video inapokwama huhitimisha kuwa kampuni inambania. Kwa kweli vistari hivyo hupima nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu kutoka mnarani, wala havisemi ni watu wangapi wanaugawana mnara huo kwa wakati huo. Saa mbili usiku, Kariakoo au Eastleigh, mawimbi ni yale yale ya alfajiri. Kilichoongezeka ni foleni. Ndiyo maana kampuni huongeza masafa ya redio, au husimamisha minara midogo karibu karibu ili kila mmoja uhudumie watu wachache zaidi.

Wengine husema 5G, kizazi cha tano cha mtandao wa simu, itamaliza tatizo. Teknolojia hiyo, ambayo Vodacom iliizindua Tanzania mwaka 2022, hupanua njia iliyopo kati ya simu na mnara tu. Mnara ambao haujafikiwa na faiba (waya wa nyuzi za kioo), unaotegemea kiungo chembamba cha maikrowevu, yaani mawimbi ya redio kutoka mnara mwingine, ni sawa na tangi kubwa linalojazwa kwa mpira mwembamba.

Dhana iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba intaneti yetu hutoka kwenye setilaiti. Hilo lilikuwa kweli hadi mwaka 2009, mkongo (kebo ya intaneti ya baharini) wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam. Tangu hapo data nyingi hupita chini ya bahari. Aliyekuwa na shaka alipata jibu Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki.

Je, mkongo ukijaa ni lazima utandazwe mwingine? Si mara moja. Uzi wa kioo ulioko baharini hubaki ulivyo, na mafundi hubadilisha mitambo ya nchi kavu kwenye ncha zake. Ndani ya uzi mmoja husafiri mwanga wa rangi nyingi kwa pamoja, kila rangi ikiwa na shehena yake. Rangi iliyokuwa ikibeba gigabiti 10 kwa sekunde, kwa mitambo mipya inaweza kubeba 100 au zaidi. Hata hivyo uzi una kikomo chake, na hapo ndipo mkongo mpya huhitajika: 2Africa, wenye urefu wa takriban kilomita 45,000, umeundwa kubeba hadi jozi 16 za nyuzi, ilhali EASSy una jozi 2.

Tena si kweli kwamba kila video hutoka Marekani kila inapotazamwa. Zile zinazopendwa huhifadhiwa kwenye seva zilizowekwa ndani ya mitandao ya kampuni za simu au kwenye vituo vya kubadilishana data, kama KIXP cha Nairobi. Kabla ya kituo hicho, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za intaneti za Nairobi iliweza kuzunguka ng'ambo kisha irudi. Kilifunguliwa mwaka 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikarejea mwaka 2002. Nadhani ghala hizi za karibu zimetusaidia kuliko 5G, ingawa hakuna anayezitangaza. Ila maongezi ya video na ndugu aliyeko Muscat hayawekeki ghalani. Hayo yataendelea kuvuka bahari, neno kwa neno.